Kamba Isiyo na Kitambaa

Ukimwambia mtu kwamba unatunza jumba la kale la maigizo, atadhani kazi yako ni kukaa kitini na kulinda vumbi. Mama Jengo alikuwa akitaniwa hivyo hata na mashemeji zake. Wakikutana kwenye shughuli za ukoo humwuliza kama vumbi lake halijambo, naye huwajibu kuwa vumbi ni zima na linawasalimu sana. Hakujisumbua kuwaeleza zaidi, na mimi namuunga mkono, maana kuna watu ukiwaeleza kitu unawapa tu mzaha wa kesho. Lakini ile ni kazi ya woga. Unaogopa mvua, unaogopa mchwa, unaogopa nyaya za umeme zilizovutwa na mafundi waliokwisha kufa, unamwogopa mgeni mwenye sigara. Mama Jengo alikuwa ameyaogopa mambo hayo tangu usichana wake, akalipwa mshahara kwa kuyaogopa, na hakuona aibu.

Jina lake hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa sababu ya mazoea yake ya kulizungumzia jengo kama mtoto mwenye afya mbovu. Akifika asubuhi na kukuta ukuta umevimba kwa unyevu husema leo limeamka vibaya. Wanawe wawili wa kuzaa, ambao sasa ni watu wazima wenye familia zao, husema mama yao alizaa watatu na huyo wa tatu ndiye aliyedekezwa.

Alianza kwenye kidirisha cha tiketi. Kutoka hapo akawa msafishaji wa mavazi ya waigizaji, kisha akapelekwa masomoni kujifunza namna ya kutunza mbao na nguo za zamani, akarudi, na miaka ilivyokwenda akakabidhiwa funguo zote. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, hakupelekwa popote. Yeye alirithi kamba. Baba yao alikuwa mshika kamba wa jumba lile, na siku mikono ya baba ilipochoka, kaka mtu akazishika kamba zile zile, mahali pale pale, na hata kofia alivaa ya baba.

Hapa lazima nieleze kidogo, vinginevyo hutaona alichokiogopa Mama Jengo. Jukwaa lile halina mota wala kitufe. Kila kinachopanda na kushuka mbele ya watazamaji huvutwa kwa mikono ya mtu. Pazia lililochorwa huning'inizwa kwenye boriti ndefu. Kamba za boriti hupanda hadi kwenye roda, vigurudumu vya kupitishia kamba, zilizoko darini, zikapinda na kushuka pembeni ya jukwaa, na huko pembeni zimefungwa mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na wa pazia. Pazia likishuka, mifuko hupanda. Pazia likipanda, mifuko hushuka. Kwa njia hiyo mtu mmoja anaweza kulipandisha pazia ambalo wanaume kadhaa wasingeliinua kutoka sakafuni. Ila ukilifungua pazia kwenye boriti na mifuko ukaiacha kule juu, hakuna tena kinachoizuia. Boriti tupu itaruka darini na mchanga utakuja chini, na anayesimama chini ya mchanga ni mshika kamba.

Ndiyo maana sheria ya baba yao ilikuwa moja: mifuko kwanza, pazia baadaye. Na kama kuna sababu ya kuiacha kamba katika hali ya hatari, hata kwa muda wa kwenda kunywa maji, aliyeiacha lazima afunge juu yake kitambaa chekundu. Kamba yenye kitambaa haiguswi na mtu yeyote isipokuwa yule aliyekifunga. Kamba isiyo na kitambaa ni salama. Baba yao alipoteza vidole vya mkono wa kushoto kabla ya kuitunga sheria hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeibishia.

Mama Jengo alipokabidhiwa funguo aliongeza sheria zake. Anayefanya kazi chini ya kamba aache simu kwenye beseni lililoko nyuma ya mlango, ili sikio lake lisiwe kwingine. Milango yote ikazwe komeo kwa ndani wakati kamba zinafanyiwa kazi, ili asije mpita njia akasimama asipopaswa kusimama. Na mtu asipige kelele jukwaani bila sababu, kwa kuwa ukelele pale una maana moja tu: achia ulichoshika, ruka nyuma. Kaka yake alizicheka sheria hizo. Alisema mdogo wake ataishia kuweka sheria ya namna ya kupiga chafya. Lakini alizifuata zote, bila kuruka hata moja.

Mwaka huo jumba lilikuwa limefungwa kwa matengenezo na lilikuwa karibu kufunguliwa. Kaka alikuwa ameomba kupumzika. Goti lilimsumbua na mkewe alimtaka nyumbani. Mama Jengo ndiye aliyemshika miguu. Alimwomba avumilie mpaka siku ya ufunguzi, maana hakuna mwingine aliyezijua kamba zile, na kaka akakubali kwa kunung'unika kidogo.

Mvua iliyoleta balaa ilianza alfajiri. Mlinzi wa jengo alimpigia simu Mama Jengo kwamba maji yanaingia juu ya jukwaa, na kabla mlinzi hajamaliza kueleza yanaingilia wapi, mama wa watu alikuwa ameshavaa viatu. Alimpitia Msumari, fundi seremala wao, mtu mnene mwenye gari dogo la mizigo na uvivu wa kuongea. Walipofika walikuta maji yanachuruzika moja kwa moja juu ya lile pazia kongwe kuliko yote, lenye picha ya bustani na ngazi za mawe, lililochorwa na mikono ambayo hakuna anayejua ilikuwa ya nani. Pazia lile lilipakwa rangi iliyokorogwa kwa gundi. Rangi ya namna hiyo ikikutana na maji inayeyuka. Kona moja ya bustani ilikuwa imeanza kutiririka kuelekea sakafuni.

Mama Jengo aliona hivyo na akili ikamruka. Kuipanda ngazi hadi kwenye mifuko, kuifungua mmoja mmoja na kuishusha kungechukua muda ambao pazia halikuwa nao. Aliamua kuvunja sheria ya baba yake. Waliishusha boriti hadi usawa wa kiuno, wakaifunga kwa kamba ya ziada iliyopitishwa kwenye pete ya chuma ya sakafuni na kukazwa kwenye ndoano ya ukutani, pale pale anaposimama mshika kamba. Ndoano ile peke yake ndiyo iliyokuwa sasa inaizuia mifuko. Kisha wakalifungua pazia, wakalikunja kwa upole walioweza wakiwa na haraka.

Kitambaa chekundu alikitoa mfukoni. Hili alilikumbuka vizuri baadaye. Alikitoa, akawa anaelekea nacho kwenye ndoano. Lakini ncha ya pazia ilikuwa inafunguka na kuburuzika kwenye maji, mlinzi akaomba kitu cha kufungia, chochote, na yeye akageuka akampa alichokuwa nacho mkononi. Walilitoa pazia kwa mlango wa mapazia, ule mrefu mwembamba ulioko nyuma ya jukwaa, ambao hukaa umefungwa mwaka mzima hata hakuna anayekumbuka kuukagua, wakalipakia. Mlinzi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, akaenda zake kulala. Mama Jengo na Msumari wakaondoka na gari kwenda kwenye ghala la mambo ya kale, upande wa pili wa mji, ambako kuna chumba kikavu cha kuanikia vitu vya namna hiyo. Njia nzima alikuwa anageuka nyuma kulitazama turubai lililofunika pazia.

Mtunza ghala alikuwa mtu wa taratibu, mwenye glavu nyeupe na maneno machache. Alilipokea pazia juu ya meza ndefu, akalizunguka, akafungua kile kilicholifunga. Mama Jengo alikuwa ameanza kumweleza kuhusu gundi na rangi. Mtunza ghala akamnyooshea mkono.

"Hiki ni chako, mama?" aliuliza.

Kilikuwa kitambaa chekundu, kimelowa. Mama Jengo alikitazama. Kwanza hakuelewa kwa nini kukiona kitambaa hapo kumemshtua. Kisha akaelewa, akainua macho ukutani. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba kaka yake ameshafika kazini.

Kaka hakuwa mtu wa kuvumilia kamba iliyolala ovyo. Angeingia, angeona pazia halipo na maji yamejaa jukwaani. Angetaka kuweka ndoo. Angeona boriti imemkalia njiani, kamba ngeni imekatiza sakafu hadi ndoanoni, na angetafuta kitambaa kwa macho kama alivyofundishwa tangu utotoni. Asingekiona. Angeamini basi kwamba mifuko imeshashushwa, kwamba mdogo wake amefuata utaratibu kama anavyofuata siku zote. Angekwenda kwenye ndoano akasimama chini ya mchanga na kuifungua.

Mama Jengo alimwambia mtunza ghala afanye anavyojua na pazia. Hakungoja jibu. Msumari alimkuta yuko ndani ya gari, mlango wazi, simu sikioni.

Simu ya kaka iliita mpaka ikakata, akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Aliiona kwa macho ya moyo ikiita ndani ya beseni, nyuma ya mlango, kwa amri yake mwenyewe. Alimpigia mlinzi, lakini mlinzi alikuwa amezima simu alale. Mvua ilikuwa imeshika kasi, magari yanasogea kwa kujikokota, na mbele yao lori moja lilikuwa limekwama kwenye dimbwi huku dereva wake amekaa tu anatazama nje. Mama Jengo alitamani kushuka akalisukume kwa kichwa. Alimwambia Msumari apande kando ya barabara. Msumari alipanda, na kikapu cha mtu kikaenda na maji, wala hawakusimama.

Mama Jengo alimwona kaka yake akiwa bado mtoto, amekaa begani kwa baba. Alimwona wifi yake akifungua mlango kupokea habari. Kisha akajikemea aache kumzika mtu aliye hai. Akaanza kujiambia labda goti limemzidi leo amelala, labda mvua imemchelewesha. Haikusaidia. Kaka alikuwa hachelewi, na siku ya mvua ndiyo siku ambayo angewahi zaidi.

Ndipo alipomkumbuka kinyozi mwenye duka lililotazamana na jumba. Kinyozi alipokea. Alisema ndiyo, amemwona kaka akiingia, tena walisalimiana. Mama Jengo alimwambia akimbie akamwambie asiguse kamba yoyote. Alisikia mvua ikigonga simu ya kinyozi, alisikia anavuka barabara, kisha anagonga mlango. Aligonga sana. Kinyozi alirudi kwenye simu akihema.

"Mlango umekazwa kwa ndani, mama. Na mvua hii juu ya mabati, hanisikii."

Mama Jengo alikuwa amesahau kwamba hiyo pia ilikuwa sheria yake. Alimwuliza kinyozi kama anasikia chochote kutoka ndani. Kinyozi aliweka sikio kwenye ubao wa mlango, akasema anahisi kama kuna mtu anagongagonga chuma. Mama Jengo alijua ni nini. Fundo likikaza, kaka hulilegeza kwa kulipiga na kipande cha chuma anachotembea nacho kiunoni. Alimwomba kinyozi apige kelele kwa nguvu zake zote, halafu papo hapo akamkataza. Maana kama kaka angesikia ukelele angefanya kile alichoambiwa afanye akisikia ukelele. Angeachia alichoshika. Na kwa goti lile, kuruka nyuma kwake kungekuwa ni kujikongoja nyuma.

"Mama, sasa nifanye nini?" kinyozi aliuliza, na Mama Jengo akamwambia asitoke pale mlangoni.

Msumari alikuwa amekaza macho barabarani. Walipokunja kona ya mwisho alikohoa.

"Ule mlango wa mapazia," alisema. "Asubuhi sikuufunga. Nilisahau."

Siku nyingine angekoma. Mama Jengo alikuwa na uwezo wa kumsema mtu kwa mlango ulioachwa wazi kuanzia chai ya asubuhi hadi ya jioni, na siku ya pili akaendelea alipoishia. Siku hiyo alimshika Msumari mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka gari liliposimama.

Waliingia kwa nyuma. Mama Jengo aliacha viatu nje visimpigie kelele kwenye mbao. Jukwaani kulikuwa na taa moja tu ya kazi, ndoo mbili tatu zikipokea maji, na mvua juu ya mabati ilizima kila sauti nyingine. Kaka yake alikuwa mzima. Alikuwa amechuchumaa kwenye ndoano, amewapa mgongo, kofia ya baba kichwani, na kamba ilikuwa imebaki mzunguko mmoja. Aliuzungusha mkono wake taratibu kutoa huo wa mwisho. Juu yake, mbali, kwenye giza la dari, Mama Jengo aliiona mifuko imejipanga.

Kila kitu ndani yake kilitaka kupiga kelele. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Alimwonyesha Msumari boriti, naye Msumari akaelewa, na watu wazima wale wawili wakatembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye boriti tupu na kuiangukia kwa matumbo, yeye upande huu na fundi upande ule, miguu ikining'inia kama ya nguo zilizoanikwa. Saa hiyo hiyo kamba ikatoka kwenye ndoano.

Boriti iliruka. Iliwanyanyua wote wawili, ikawapeleka juu kiasi cha kuwakata pumzi, kisha uzito wa Msumari ukafanya kazi yake, ikatulia, ikaanza kuyumba. Kaka alikuwa ameiona kamba ikimponyoka viganjani. Aliikamata tena akageuka, na kumkuta dada yake, msimamizi mkuu wa jumba, yuko hewani bila viatu, tumbo juu ya boriti.

Alifungua mdomo apate kucheka. Mama Jengo alimsemesha kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Kaka, usiachie. Tazama juu."

Alitazama juu. Mifuko ilikuwa imeshuka sehemu kubwa ya safari yake na sasa ilikuwa inabembea juu ya kofia yake, karibu kiasi kwamba angeweza kuigusa kwa fimbo. Sura ilimbadilika. Aliirudisha kamba kwenye ndoano, mzunguko baada ya mzunguko, akaikaza, kisha akaondoka pale kwa kinyumenyume akiburuza goti lake, macho yakiwa bado juu.

Hawakuthubutu kushuka kwenye boriti. Walibaki wamelala pale, Msumari akihema, Mama Jengo akisali kimoyomoyo sala ambayo maneno yake yalikuwa yamemchanganyikia, wakati kaka anapanda ngazi ya pembeni na kwenda kuifungua mifuko. Aliishusha mmoja mmoja. Kila mfuko ulipogusa sakafu, boriti ilizama kidogo kwa upande wao, mpaka vidole vya miguu ya Mama Jengo vikagusa mbao. Ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa woga ambao sababu yake ilikuwa imeshakwisha. Msumari alitazama pembeni kwa heshima, halafu akaenda kufunga mlango wa mapazia.

Kaka aliteremka, akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ikielekea kwenye viti vitupu. Mama Jengo akakaa karibu yake. Alitaka agombezwe. Alikuwa ameandaa mgongo wake kwa maneno yote ambayo kaka mkubwa ana haki ya kumwambia mdogo wake siku kama ile.

"Niliona kamba imekaza," kaka alisema. "Nikasema huu ni mkono wa Msumari. Sikutazama juu, mdogo wangu. Hakukuwa na kitambaa."

Mama Jengo alimwambia kwamba kitambaa kilifungia pazia. Kaka alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mji mwingine. Baadaye kidogo akauliza kama pazia limepona. Mama Jengo alijibu kwamba hajui, na ilikuwa kweli. Tangu ghalani hakuwa amelikumbuka hata mara moja. Kaka alikwenda kwenye beseni kuchukua simu yake, akaona alivyokuwa ametafutwa, akaizima na kuitia mfukoni. Kinyozi alipofunguliwa mlango aliingia amelowa chepechepe, akamshika kaka mabega akamgeuza mbele na nyuma, na ndiye pekee aliyecheka siku ile.

Pazia lilipona. Mtunza ghala alilianika kwa ustadi wake, na ile kona iliyotiririka ikabaki na doa ambalo asiyeambiwa hawezi kuliona. Paa likazibwa. Kaka hakumweleza mkewe chochote. Alisema tu goti linamsumbua, na siku za kupumzika alizopewa alizimaliza, akarudi. Mama Jengo alimsihi asirudi. Alimwambia atatafuta mtu, hata kama ufunguzi utasogezwa mbele. Kaka akajibu kwamba aliahidi mpaka siku ya ufunguzi, na kwa kuwa aliahidi atafika.

Kilichobadilika kilikuwa kidogo, na mtu mwingine asingekitambua. Zamani Mama Jengo akimwambia kaka yake kamba iko tayari, kaka aliivuta huku anaongea mambo mengine, huku anasimulia kisa cha jirani. Sasa aliacha kuongea. Alisimama, akarudi nyuma, akatazama juu, akatazama tena, ndipo akagusa. Hata siku alipokwenda nyumbani kwa mdogo wake kubadilisha balbu, na mdogo mtu akamwambia panda, ngazi nimeishika, kaka aliitikisa ngazi kwanza. Kisha akaona ameonekana, akatabasamu na kusema siku hizi amezeeka. Mama Jengo alicheka naye. Akaingia jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Siku ya ufunguzi ilikuwa mchana, ukumbi umejaa, watu wamevaa vizuri, wakubwa wamekaa mbele. Mama Jengo alikuwa ameipanga mifuko yeye mwenyewe na Msumari, wakaikagua, wakaikagua tena mpaka Msumari akauliza kama wataikagua na ya mwaka ujao. Wanamuziki walianza kupiga. Alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, hatua chache kutoka kwa kaka yake, mahali alipokuwa akisimama utotoni kumtazama baba.

"Kaka, tayari," alisema. "Nimekagua."

"Asante, mdogo wangu," kaka alijibu, kwa adabu ile anayopewa mgeni, akarudi nyuma na kutazama juu.

Alitazama kwa muda mrefu. Wanamuziki walifika mahali pa kumaliza wakalazimika kurudia. Mtu mmoja ukumbini alikohoa. Mama Jengo hakumharakisha. Kaka aliridhika, akazishika kamba, akavuta, na upande wa pili ile bustani ikaanza kupanda na ngazi zake za mawe. Watu walipiga makofi mpaka mbao zikatetemeka. Miaka yote ya kazi yake alikuwa akiingoja saa hiyo, kuliona pazia lile likipanda tena mbele ya ukumbi uliojaa, lakini hakuliona. Mifuko ilikuwa inashuka taratibu kuelekea kichwani kwa kaka yake, kama inavyotakiwa kushuka, na yeye hakuweza kuiondolea macho mpaka iliposimama.